Kikapu Nilichopeleka Altareni

Nicheke tu, msomaji, maana Milanzi nzima imeshanicheka. Mke wangu alijifunza kupika kwa kikapu: anachemsha maharage kidogo, kisha anaizika sufuria ndani ya kikapu kilichojaa matambara, yanaiva yenyewe bila mkaa. Mimi nilimtangazia kila jirani kwamba hakuna maharage yanayoiva yakiwa yamelala.

Jumapili ilikuwa zamu ya jumuiya yetu kupeleka matoleo. Mke wangu akatangulia kwenye kwaya, akaniachia kikapu cha mahindi nikibebe. Jikoni nikakuta vikapu viwili vimefunikwa, nikachukua kile chenye kitambaa kizuri zaidi. Kilikuwa kizito, nikajivuna. Nikiwa kwenye maandamano kifua kikaanza kupata kajoto, nikadhani ni neema. Nikamkabidhi padri, nikarudi kwenye benchi nimenyoosha shingo.

Misa ilipoisha, padri akaniita nje mbele ya watu wote.

“Baba Sesilia, Mungu akubariki. Tumeyaonja maharage yako, yameiva hasa. Ila mbona hayana chumvi?”

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akadakia:

“Chumvi naileta, Padri. Ila hapo kwenye kuiva, naomba urudie. Hakusikia vizuri.”