Waya wa Ganda

Fundi wa umeme wa magari ambaye mtaa mzima humwita Mama Shaba hakuanza kwa kufunga nyaya. Alianza kwa kuzichuna. Kwa miaka sita alinunua mizoga ya magari yaliyoungua, akachuna nyaya zake kwa wembe na kuuza shaba kwa uzani. Jalala nalo ni shule, tena haina likizo. Gari baada ya gari, aliona kwamba moto haukuanzia kwenye amplifaya ya muziki kama wenye magari walivyoapa. Ulianzia mbele, pale waya unapopenya ukuta wa bati nyuma ya injini, ukasuguliwa hadi ukabaki uchi. Fyuzi ama haikuwepo, ama ilikuwa huko nyuma, nzima, kama mgeni asiyehusika na ugomvi wa nyumba.

Kwa hiyo siku shemeji yake, mume wa mdogo wake, alipoleta kigari cha matangazo chenye spika nne, Mama Shaba alifungua boneti kabla salamu hazijaisha.

"Fyuzi ilikuwa inakata kila nikipandisha sauti," shemeji alisema. "Niwekee kubwa. Saa nane mwenye duka la magodoro anatusikiliza. Akituridhia, tuna kazi mwaka mzima."

"Ilikuwa? Sasa haikati?"

Shemeji akamfungulia mlango wa nyuma. Fyuzi ilikuwa nyuma, chini ya kiti anachokalia mkewe na kipaza sauti chake, nayo ilikuwa imeviringishwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

"Umeivisha koti," Mama Shaba alisema. "Ilikuwa inaona baridi?"

"Fundi mmoja alinionyesha. Si unajua, kila fundi na ujuzi wake."

Mama Shaba akatoa wembe mfukoni, akakwangua ncha ya waya wa betri, mnene kama kidole. Wekundu ukatoka kama rangi ya kucha, ndani kweupe.

"Hii ni alumini ya sufuria, shemeji, imepakwa shaba. Na nusu ya unene wake ni plastiki. Umeuziwa ganda, ndizi kaila aliyekuuzia."

"Aliniambia unabeba mzigo wowote."

"Ukamwamini anayeuza. Haya, washa. Pandisha sauti. Sasa shika waya."

Shemeji aliushika. Wimbo haujafika nusu, akauachia, akapangusa kiganja kwenye suruali. Mkewe alikuwa nyuma, miguu juu ya kapeti ambalo waya ule ule ulipita chini yake.

"Fyuzi hailindi amplifaya," Mama Shaba alisema. "Inalinda waya. Unauliza kwanza waya unabeba umeme kiasi gani, ndipo unachagua fyuzi. Wewe umeanza na kelele. Na moto ukianzia hapa mbele, hiyo ya nyuma itajuaje?"

"Basi badilisha waya."

"Shaba tupu ya unene huu sina leo. Huu wako naukadiria ampea arobaini. Basi fyuzi ni arobaini, shibiri moja kutoka kwenye betri, na spika mbili nazichomoa."

"Mbili? Nitasikika kama redio ya jikoni. Chomoa moja."

"Mbili."

"Moja na nusu, shemeji yangu."

"Spika nusu ni wewe."

Sauti ya mkewe ikatoka nyuma, tena kwa kipaza: "Anayekalia waya huo ni nani? Mbili."

Biashara ikaishia hapo. Mama Shaba akafunga fyuzi mpya ya arobaini karibu na betri, akavisha mpira tundu la bati, akampa shemeji fyuzi mbili za akiba, zote arobaini. Shemeji aliomba ya themanini "ya dharura." Akanyimwa.

Saa tisa simu ikalia.

"Imekata," shemeji alisema.

"Ulipandisha?"

"Kidogo. Mwenye duka alisema hasikii."

"Fungua boneti. Shika waya."

Bati la boneti likalia. "Vuguvugu tu."

"Basi imefanya kazi yake. Weka nyingine, teremsha sauti."

"Kazi yake imefanya, na yangu je? Kasema turudi wiki ijayo, tukiwa na sauti."

"Rudini wiki ijayo, mkiwa na waya."

Nyuma ya simu mdogo wake alikuwa anacheka, au anagomba. Kwa yule, mtu huwa hajui ni lipi. Mama Shaba akakata simu, akafuta wembe, akaenda mwenyewe kwa muuza nyaya kutafuta shaba tupu. Angemwachia shemeji achague, angerudi tena na ganda.