Kokwa ya Kipa

Nyumbani kwetu Ibra timu ilipangwa kwa kokwa za tende. Wazee walikuja baada ya sala ya alasiri, wakavua viatu mlangoni pa sabla, chumba cha wageni cha baba, wakala tende, wakanywa kahawa, na kokwa hawakuzitupa. Walizipanga juu ya mkeka. Kumi na moja uwanjani, chache ndani ya kisahani, na hizo za kisahanini ndizo akiba. Hapo tena ugomvi ukaanza: nani acheze na nani upande wa kushoto, nani amlishe mipira senta fowadi, na huyu akichoka ataingia nani. Mchezo wenyewe ni hoki, mpira wa magongo, na waliokuwa wakitoana povu walikuwa watu wenye wajukuu.

Hoki waliicheza Unguja ujanani mwao. Walipofika Omani miaka ya sabini hawakuwa na kitu ila masanduku na midomo, lakini gongo moja au mawili yalikuwamo ndani ya masanduku hayo. Mpaka ikafika miaka ya tisini, klabu yetu ilikuwa na timu ya vijana wao, na uwanja wa changarawe uliochuna magoti ya kila mtu. Baba alikuwa katika kamati. Mkufunzi alikuwa Mpakistani mpole, na timu akiletewa imeshapikwa, kazi yake kupakua tu.

Mimi nilikuwa nikifundisha skuli ya wasichana asubuhi, na jioni nilikuwa jikoni, kwa sababu mama alikwisha tangulia mbele ya haki na nyumba ilinitazama mimi. Dirisha la jikoni linaelekea sablani. Kwa hivyo mtu asiniambie kuwa nasimulia ya kuambiwa. Nilisikia yote, na zile kokwa nilizifagia mimi.

Mkubwa wa mabishano alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye hakukubali chini ya fowadi watano. Baba alitaka wanne na hafu wa ziada nyuma yao.

"Fowadi wanne! Unakwenda kucheza au unakwenda kuzika?"

"Na wewe na watano wako, si ndio tuliofungwa nao kule Samail mpaka tukaona haya kupita barabarani?"

"Tulifungwa kwa sababu insaidi lefti wako alikuwa hana pumzi! Na akiba yako nani? Hebu nionyeshe. Shuf, kisahani kitupu!"

Na kweli, taabu ya timu yetu ilikuwa hiyo. Kumi na moja wazuri, nyuma yao upepo. Walihamisha kokwa huku na huku, wakazirudisha, wakaapa wallahi, wakanuniana, kesho yake wakaja tena. Nisiwe mnafiki, kuna siku nilicheka peke yangu mpaka maandazi yakaungua.

Kokwa moja tu haikuhamishwa. Nyingine zilikuwa za siku ile ile, lakini ya kipa ilikuwa kubwa, imekauka na kung'aa, na baba akiiweka mfukoni mwa kanzu yake. Akifika mkekani huitoa na kuiweka golini, kisha ndio mambo mengine yajadiliwe. Kokwa hiyo alikuwa mdogo wangu.

Mdogo wangu alifanya kazi benki. Mtu mtaratibu, akizungumza unamsogelea ili umsikie, ila akiingia golini alikuwa na sauti ya muadhini. Nyumbani, kwa kuwa ndiye mdogo, yeye ndiye aliyetia kahawa. Anashika dele, birika la kahawa, kwa mkono wa kushoto, finjani kwa wa kulia, anatia, anampa mgeni, anangoja. Mgeni akitosheka huitikisa finjani, basi. Asipoitikisa atatiliwa tena na tena, hata dele likauke, na si adabu kumuuliza. Baba alizoea kunywa mbili akatikisa. Alikuwa na tumbo la asidi.

Karibu na mlango alikaa kijana mwengine, fundi wa mafriji. Mwarabu kama sisi, tena kabila letu hasa, ila wazazi wake walitokea Bujumbura na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Mazoezini huyu ndiye aliyevaa zile pedi kuukuu akasimama golini ili fowadi wampige mipira, mdogo wangu apumzike. Kila siku anapigwa mipira. Lakini mkekani hakuwa na kokwa, hata kisahanini hakuwamo.

Siku moja mdogo wangu alimtaja. Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu. "Kipa ndiye mdomo wa timu, mwanangu. Yeye ndiye anayewaona wote, yeye ndiye wa kupiga kelele, rudi, mbane, toka! Sasa huyu akipiga kelele zake za Bujumbura, mabeki wazuie mpira au wacheke?" Baba naye akacheka. Fundi pia alicheka, angefanya nini, kisha akainamia finjani yake.

Sisi ndivyo tulivyo. Tuliitwa Wazanzibari na tuliowakuta hapa, ikatuuma, na sisi tukatafuta wa kuwaita watu wa bara.

Kisha likatokea la kutokea. Mazoezini, joto kali, mdogo wangu alivua kofia ya kipa ajifute jasho, na mpira ukagonga jiwe la uwanjani ukamrukia jichoni. Tulimpeleka Maskati. Daktari alituonyesha kwa mchoro: kitambaa cha nyuma ya jicho kimechanika kidogo, wamekiziba kwa mwanga, kinahitaji kushika. Asikimbie, asibebe kizito, na zaidi ya yote asianguke, mpaka wamwone tena. Akianguka vibaya, jicho hilo ndilo basi. Nilikuwapo mimi kwa masikio yangu, na niliporudi nikamweleza baba, akaitikia. Siku ya pili nikamweleza tena.

"Nimesikia," akasema. "Mimi si kiziwi."

Mechi iliyofuata ilikuwa Sur, siku ya Ijumaa. Alkhamisi wazee wakaja. Nikawasikia wakigombea winga wa kushoto, je, aende na yule insaidi mpya au na yule wa zamani, na hafu nyuma yao awe nani. Walibishana kahawa ikapoa. Nikawa nasubiri wafike golini. Hawakufika. Baba alikuwa ameshaitoa kokwa mfukoni na kuiweka mahali pake tangu mwanzo, kama mtu anavyoweka funguo zake akirudi nyumbani. Na mdogo wangu, jicho bado jekundu, anazunguka na dele.

Niliingia sablani na mikono yangu ya unga, hodi sikubisha. Nikapiga magoti mkekani, nikaiokota ile kokwa golini, nikaitia kisahanini.

"Daktari kasema asianguke," nikasema. "Kipa asiyeanguka mmemwona wapi?"

Mwalimu akakohoa. "Mwanangu, haya mambo ya wanaume."

"Na jicho ni la nani? La wanaume wote?"

"Rudisha," akasema baba. Hakupaza sauti.

"Sirudishi."

Ndipo fundi akasema kutoka mlangoni, "Mzee, kesho mimi naweza kusimama." Alisema kwa adabu, mkono kifuani.

Baba alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza, na huyo mtu alikuwa akinywa kahawa yetu kila jioni. "Hatuna kipa mwengine," akamwambia. Alimwambia hivyo yeye, usoni pake.

Mdogo wangu akaweka dele chini. Akainama, akaitoa kokwa kisahanini, akairudisha golini kwa mkono wake. "Nitasimama mimi, baba. Dada, nenda jikoni." Hakunitazama. Nilijua anachofanya. Alikuwa anamsitiri baba mbele ya wageni wake. Nikaondoka, na chuki niliyokuwa nayo kwa wazee wale saa ile, Mungu anisamehe, sijawahi kuwa nayo kwa mtu.

Sur nilikwenda, tuna shangazi kule, nikatazama kutoka ndani ya gari. Tulikuwa mbele bao moja. Karibu ya kwisha, fowadi wao akabaki peke yake na mdogo wangu, akaupiga chini kulia. Mdogo wangu akajitupa. Kifua kizima juu ya changarawe, mkono mbele, mpira ukatoka nje. Filimbi. Wakamiminika uwanjani wakamnyanyua mabegani, na baba analia kwa furaha. Mimi namtazama mdogo wangu. Juu ya mabega ya watu, alikuwa anaziba jicho moja kwa kiganja, anafungua, anaziba tena. Lile zima ndilo alilokuwa akiliziba. Nikashuka garini nikakimbia.

Safari ya kurudi baba aliendesha, mwalimu kando yake, honi haziishi. Mimi na mdogo wangu nyuma.

"Dada, usiseme," akaninong'oneza. "Kwa chini kumekuwa kweusi. Na kunapanda."

"Baba, geuza gari! Sur kuna hospitali!"

"Vumbi hilo, na uchovu," akasema baba.

Nilimpigia baba yangu mzazi kelele ambazo sikudhani ninazo. Tulipofika mji wa Kamil akasimama penye kituo cha petroli, akamshusha mwanawe chini ya taa, akanyoosha vidole. "Vingapi?"

"Viwili, baba."

"Alhamdulillahi! Si unaona? Mambo ya wanawake haya." Na vilikuwa viwili kweli. Alimuuliza macho yote yakiwa wazi, na lile zima likajibu. Nilisema, mzibe jicho, mzibe ndio umuulize! Lakini walikwisha panda garini na honi zimeanza.

Maskati tulifika kesho yake. Walimpasua, wakamlaza kifudifudi siku nyingi, wakampasua tena. Jicho lilibaki mahali pake, zuri kama zamani, halioni.

Nilirudi Ibra mara moja kuchukua nguo zake. Ilikuwa jioni, wazee wapo sablani. Mkekani timu imepangwa ya kwenda Nizwa. Golini pana kokwa ndogo, mbichi, ya siku ile ile.

"Nani huyu?" nikauliza.

Fundi, pale pale mlangoni, akainamisha kichwa.

Walimpanga bila ugomvi. Hao waliogombea winga mpaka kahawa ikapoa! Akaenda Nizwa, akasimama, akapiga kelele zake za Bujumbura, na mabeki wakamwelewa kila neno. Hawakufungwa. Niliposikia hivyo nililia, na sikulia kwa huzuni. Nililia kwa hasira. Tungefungwa mabao kumi ningepata nafuu.

Mdogo wangu alitoka hospitali, akapumzika chumbani, kisha jioni moja akaingia sablani. Wakainuka wote. Simba wetu, karibu simba wetu. Akawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kisha akaenda moja kwa moja kwenye dele.

Fundi akanyanyuka. "Nipe mimi, kaka."

"Kaa," akamwambia. "Kazi yangu hii."

Mtu wa jicho moja hakosi kuona, hukosa kujua kitu kiko karibu au mbali. Daktari alitwambia itachukua muda mpaka azoee, lakini kuambiwa si kuona. Alishika finjani mkono wa kulia, akainua dele, akamimina, na kahawa ikapita kando ya finjani, ikamwagikia vidole vyake na kuteremka mkekani katikati ya kokwa. Fowadi watano wa mwalimu wakaogelea. Mwalimu akatazama dari. Mimi niko dirishani, nimeuma shela.

Baba akanyoosha mkono, akaichukua finjani kutoka mkononi mwa mwanawe, akaishika mwenyewe chini ya mdomo wa dele. Hilo kwetu halifanyiki, mtu mzima haishiki finjani akatiliwa kama anayeomba. "Tia," akasema.

Mdogo wangu akatia. Kahawa ikamwangukia baba juu ya mkono, na kahawa yetu hutoka motoni inachemka. Hakuutoa mkono. Aliisogeza finjani taratibu, taratibu, mpaka ikaukuta mchirizi, ikajaa. Akanywa. Akaishika tena pale pale.

"Tia."

Ya pili ikamwagika, akaifuata kwa finjani mpaka akaipata. Ya tatu. Sote tukangoja aitikise. Ya nne. Ngozi ya mkono wake ilikuwa imeshakuwa nyekundu, machozi yanamtoka, na baba yangu katika maisha yake hakuwahi kumwomba mtu radhi, hata mama yetu alipokuwa anakufa.

"Baba, yatosha," mdogo wangu akasema.

Akainyoosha finjani, tupu. Hakuitikisa.