Keki ya Ghorofa Tano na Mpira wa Kiyoyozi

Dorla Stuckey wa Casa Grande, Arizona, alikuwa na miaka hamsini na tisa, magoti mawili yanayouma, na imani moja: mpira haukosei, anayekosea ni mtu.

Mpira wenyewe ni ule unaopitisha gesi ya kiyoyozi kwenye gari. Watu wa pande zile wana maradhi ya kung'oa injini. Mtu amerithi gari zima la babu yake, linatembea, halina neno, lakini usingizi haumpati mpaka aing'oe injini yake na kupachika ya pikapu iliyobingirika barabarani. Injini mpya huingia kwa nyundo na maombi, ikaunguruma, majirani wakapiga makofi. Halafu unaingia mwezi wa Mei na joto lake. Mwenye gari anagundua kwamba mipira ya zamani haifiki kwenye kompresa, pampu ya gesi, kwa kuwa kompresa sasa iko upande wa pili, chini kabisa, imegeukia pembeni kama mtoto aliyeadhibiwa. Hapo ndipo anapopigiwa simu Dorla.

Wateja wake walikuwa nchi nzima, na wengi wao hakuwahi kuwaona. Kila mmoja alitakiwa akate kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, akizungushe kwenye injini yake kama mpira halisi utakavyopita, atie alama ya rangi kuonyesha kila ncha inatazama wapi, kisha akitume kwa posta. Dorla alikuwa akikipokea, anakata mpira wa kweli kwa kipimo kile, anautia vichwa vya chuma na kuvibana kwa mashine yake, kila kichwa kimegeukia upande wake kama mume na mke waliogombana njiani kwenda kanisani.

Na kila mteja alipewa sharti moja. Kabla hujatuma kipimo, chukua udongo wa watoto wa kufinyangia, uweke juu ya mpira wako wa bustani, funga boneti, kisha fungua. Udongo ukitoka bapa, ujue boneti inaukandamiza mpira, upitishe kwingine. Sharti hili liliandikwa kwa herufi kubwa, na wateja walilitii kama watu wanavyotii vibao vya kukataza kukojoa.

“Mama, mpira wako mbovu,” mtu angepiga simu kutoka Lubbock.

“Boneti ilikuwa imefungwa?”

Upande wa pili mtu anakohoa.

“Nakuuliza, baba. Ulipopima, boneti ilikuwa imefungwa?”

“Sasa nitapimaje na boneti imefungwa?”

“Udongo, mwanangu. Udongo.”

Aliyetaka mpira wa pili ilimlazimu kwanza atume postikadi ya kukiri kosa lake. Dorla alizibandika ukutani juu ya mashine, na baada ya miaka ishirini na miwili ukuta haukuonekana tena. Mmoja aliandika: “Nilipima kwa kutazama kwenye kioo.” Mwingine: “Nilipima gari la jirani.” Mhubiri mmoja wa Oklahoma: “Nilimlaumu shetani. Ilikuwa boneti.” Leland, mtu wa posta, alizisoma zote kwa sauti kabla hazijafika mezani, maana kwa maoni yake postikadi isiyosomwa na mpeleka barua ni dharau kwa kazi yake.

Lakini mganga hajigangi. Dorla mwenyewe aliendesha gari refu la familia la mwaka 1974, lenye injini ya pikapu ya mwaka 2006, ambalo kwa miaka tisa halikuwa na kiyoyozi chochote. Wakati wa kiangazi aliendesha na taulo bichi shingoni. Mtu akimwuliza, alijibu kuwa ana foleni ya wateja.

Foleni iliisha siku ya Pasaka, mezani kwa kaka yake Wendell, paja la nguruwe likiwa katikati. Brandelyn, binti wa Wendell, alikuwa anaolewa Jumamosi ya tatu ya Juni huko Ajo, maili mia moja jangwani. Keki angeoka mama yake, Arvella: ghorofa tano na mawaridi arobaini na nane ya krimu ya siagi. Swali likawa itafikaje. Wendell alikuwa na rafiki mwenye lori la barafu linalobeba kamba wa baharini kutoka Meksiko.

“Keki ya mwanetu isafiri kwenye harufu ya samaki?” alisema Dorla, mdomo umejaa. “Nitaibeba mimi. Gari langu litakuwa na baridi ya kugandisha ulimi.”

“Gari lako, wifi,” alisema Arvella akijipakulia viazi, “lina baridi Januari tu, na hapo ni kwa sababu dirisha liko wazi.”

Wendell, kwa busara ya mtu aliyezaliwa pamoja na mmoja na kumwoa mwingine, aliikazia macho nyama.

“Mimi ndiye ninayewatia baridi watu wa majimbo arobaini,” alisema Dorla.

“Vizuri. Basi keki ikifika imeanguka, nitapita meza hadi meza nikiwaeleza wageni ni kazi ya nani. Mmoja mmoja.”

“Na ikifika imesimama?”

“Nitakuomba radhi kwa kipaza sauti.”

Wendell aliinua macho kutoka kwenye nyama. Arvella hakuwa ameomba radhi tangu mwaka 1988, na hata hiyo alimwomba mbwa.

Dorla aliutengeneza mpira wake katikati ya Mei. Alisimama mbele ya injini, boneti juu, mkono kiunoni, akafumba jicho moja. Kopo la udongo lilikuwa kwenye rafu, hatua nne kutoka pale aliposimama. Hatua nne si kitu, ila magoti yalikuwa na maoni yao, na jicho lililopima mipira kwa miaka ishirini na miwili lina heshima yake. Haliendi kuomba ushauri kwa udongo wa watoto. Akakata, akabana, akafunga. Akajaza gesi, akaunganisha saa za kupimia gesi, boneti juu kama kawaida ya fundi yeyote anayepima, na baridi ikatoka ndani ya gari mpaka miwani ikaingia ukungu. Akaridhika sana na nafsi yake.

Jumamosi ya harusi, saa nne asubuhi, joto lilikuwa nyuzi mia moja na kumi na nne za Farenhaiti, na hiyo ni kivulini, kwa mwenye kivuli. Dorla aliliacha gari likinguruma uani nusu saa, boneti wazi ili injini ivute hewa, mpaka ndani kukawa kama jokofu. Wakaipakia keki nyuma juu ya ubao. Arvella aliketi kiti cha kati akitazama nyuma, mikono miwili kwenye ubao, kama askari anayesindikiza mfungwa. Dorla akaibamiza boneti, wakaondoka.

Maili tano za kwanza Arvella aliikazia macho keki. Ya kumi akajifuta paji la uso. Ya kumi na tano akasema, “Wifi, hiki kinachonipuliza ni nini?”

“Baridi.”

“Hii baridi imepitia jehanamu kwanza?”

“Inajipanga.”

“Inajipanga wapi? Waridi la juu limeanza kutazama chini.”

“Basi fungua dirisha kidogo.”

“Vumbi lote hili liingie kwenye krimu? Wageni watafune jangwa?”

Ya ishirini, ghorofa ya nne ilionyesha dalili za kutaka kuhamia ya tatu. Dorla akachepuka njia ya Vekol, akasimama chini ya daraja, mahali pekee penye kivuli mpaka Gila Bend. Akaacha injini inawaka, akashuka, akafungua boneti.

“Imerudi!” alipiga kelele Arvella kutoka ndani. “Baridi imerudi! Umefanya nini?”

“Sijafanya kitu bado.”

Dorla akafunga boneti, akarudi kwenye usukani. Ikaja hewa ya mdomo wa tanuri. Akashuka, akafungua.

“Imerudi tena!”

Akafunga.

“Imeondoka!”

Akafungua mara ya tatu, akasimama akiitazama injini yake kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Arvella akatoa kichwa dirishani.

“Wifi, mimi magari siyajui,” alisema taratibu. “Lakini naona baridi inakuja ukikifungua kile kifuniko, na inaondoka ukikifunga.”

“Nimeona.”

“Na nakumbuka kuna kitu huwa unawauliza watu kwenye simu.”

“Usiseme.”

“Boneti ilikuwa...”

“Arvella!”

“...imefungwa?”

Lori lilipita juu ya daraja, na Dorla akainamia injini.

Mambo yalikuwa wazi. Chini ya boneti kuna mfupa wa bati, na mfupa ule ukishuka ulikuwa unaukandamiza mpira mpaka gesi haipiti. Kuufungua mpira asingeweza, gesi yote ingemwagika. Ilibaki kuuvuta pembeni na kuufunga usirudi. Ila kuuvuta kiasi gani, na upande upi? Boneti ikishafungwa huoni kitu. Ndiyo maana kuna udongo. Udongo ulikuwa Casa Grande, kwenye rafu.

Dorla akaitazama keki kupitia kioo.

“Hapana,” alisema Arvella.

“Ni waridi moja tu.”

“Hapana! Nimekesha siku mbili na hayo mawaridi.”

“Ukilihurumia moja, yote yatafika Ajo kama supu. Chagua, wifi. Ya mbele au ya nyuma?”

Arvella akaitazama ghorofa ya nne, ambayo kweli ilikuwa inatafakari. Akatoa kisu cha siagi kwenye mkoba, akapumua kama mtu anayesaini talaka.

“Ya nyuma. Upande utakaotazama ukutani.”

Kilichowaokoa ni kwamba mpira ule, gesi ikipita, huwa baridi kama pua ya mbwa. Waridi likasimama juu yake pasipo kuyeyuka. Dorla akafunga boneti, akafungua. Waridi lilikuwa bapa kama chapati, na mfupa wa bati umepakwa siagi mahali pale pale lilipogusia. Akazima injini, akavua utepe wa satini uliozunguka ubao wa keki, akauvuta mpira pembeni na kuufunga. Akawasha. Waridi la pili likatoka limebinywa upande mmoja. La tatu likaanguka kwenye rejeta, likanukia vizuri mno.

“Unavuta vibaya,” alisema Arvella, ambaye sasa alikuwa ameshuka na kupandisha mikono ya gauni lake la sherehe. “Vuta kushoto.”

“Kushoto kwangu au kwako?”

“Kushoto kwa mtu mwenye akili.”

La nne. La tano. Walipofikia la sita, Arvella alikuwa akiyaweka mwenyewe na kufunga boneti kwa tako. La saba liliwekwa, boneti ikafungwa, wakahesabu mpaka kumi. Ikafunguliwa. Waridi lilikuwa zima, petali kwa petali, kama limetoka mkononi mwa mpishi.

Wanawake wawili wakalitazama kwa muda. Kisha Arvella akalichukua na kulila.

“Twende,” alisema. “Na usinisemeshe.”

Wakapitia Gila Bend, ambako Arvella alisimamisha gari dakika mbili kwa shughuli ambayo hakuieleza, mpaka Ajo, baridi ikiwapiga magoti. Keki ilifika imesimama. Ilikuwa imeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya meza ya pili, lakini kuinama si kuanguka, na upara wake waliuelekeza ukutani. Brandelyn alilia kwa furaha. Hakuna aliyehesabu mawaridi.

Baada ya chakula Arvella alikishika kipaza sauti. Wendell aliiweka chini glasi yake ili asiivunje.

“Nilimwambia wifi yangu Dorla kwamba keki haitafika imesimama,” alisema Arvella. “Imefika. Namwomba radhi.”

Watu wakapiga makofi. Dorla akainuka nusu, apokee.

“Yaliyotokea njiani,” aliendelea Arvella, “atayaeleza yeye mwenyewe. Kwa maandishi.”

Akashuka, akapita katikati ya meza, akaweka mbele ya wifi yake postikadi mpya ya Gila Bend yenye picha ya mpungate wa miiba uliovaa kofia. Stempu alikuwa ameshaibandika. Juu ya stempu aliweka kalamu.

Jumanne Leland aliingia kazini kwa Dorla akisoma.

“‘Boneti haikuwa imefungwa. D. Stuckey, Casa Grande.’” Akaigeuza upande wa mpungate, akairudisha. “Huyu kama namfahamu.”

“Nipe barua nyingine.”

“Alikiri kwa hiari au alibanwa?”

“Leland.”

“Nauliza tu, mama. Niibandike wapi?”

“Nyuma ya kalenda.”

“Nyuma ya kalenda haitaonekana.”

“Kalenda ina kazi nyingi.”

Leland akaibandika kando ya yule mhubiri wa Oklahoma, akarudi nyuma hatua mbili kuona kama imenyooka. Simu ikalia. Dorla akaipokea, naye Leland, ambaye alikuwa na mitaa kumi na moja inayomsubiri, akavuta kiti akakaa.

“Mama,” ilisema sauti ya mtu wa Bakersfield, “mpira wako mbovu.”

Dorla akafungua mdomo. Akamtazama Leland, akautazama ukuta.

“Baba,” alisema hatimaye, “udongo unao?”

“Udongo sina, mama.”

“Haya. Hapo nyumbani kwenu kuna keki?”