Muhuri wa Mtendaji Kwenye Barua ya Marekani

Nimeona mambo jamani, lakini barua ya serikali ya Marekani iliyogongwa muhuri wa Afisa Mtendaji wa Kijiji sikuwahi kuiona.

Na barua yenyewe ilikuwa yangu.

Na niliiona nikiwa KIA, kaunta ya ndege, nyuma yangu foleni ya watalii wamekumbatia vinyago vya twiga.

Ngoja nianze vizuri.

Naitwa Antonia, Mwiraqw wa Karatu, Mmbulu kama wengi mnavyotuita, kijiji kimoja pande za Buger. Nimeolewa na Kasaine, Mmaasai wa Loliondo, nesi huko Marekani na uraia wa huko anao. Ndiyo, Mmbulu na Mmaasai. Utani wowote unaoufikiria tumeshataniwa, siku ya harusi tu ulitosha.

Tuna binti mmoja, Nashipai, miaka mitano.

Sasa kadi yangu ya ukaazi ilikufa mwaka jana. Niliomba nyingine, foleni ikawa ndefu, wakanipa barua inayosema kadi ihesabiwe hai miezi arobaini na nane zaidi. Ukisafiri unabeba vyote viwili: marehemu, na karatasi inayosema hajafa.

Bila barua hiyo sipandi ndege. Nisipopanda ndege, Nashipai anaanza shule Jumatatu bila mama yake, na nilikuwa nimemwahidi kwamba nywele za siku hiyo nitasuka mimi.

Nilikwenda nyumbani wiki tatu kumwona mama, Nashipai nikamwacha Marekani na baba yake. Sisi mama tunamwita Aayo. Miaka sita sikuwa nimemtia machoni, na mjukuu wake alikuwa anamjua kwa video tu.

Siku ya pili yake Aayo alikuwa anapepeta ngwara, yale maharage meusi ya kwetu, akaniona nazunguka na bahasha ya kaki mkononi.

"Hiyo karatasi unayoibeba kama mtoto mchanga ni ya nini?"

"Ni barua ya kuongezewa muda wa kukaa, Aayo."

"Muda wa kukaa?"

"Ndiyo."

"Nani anaongeza?"

"Serikali."

Akapepeta, akapuliza makapi, kisha akasema kwa sauti ya upole sana, "Lete nikuwekee sandukuni."

Nikampa. Ningempa nani mwingine?

Siku ya kuondoka gari la kwenda Karatu linapiga honi barabarani, Aayo akanirudishia bahasha. Ameifunga kwa uzi wa kushonea.

"Fungua kwanza uangalie," akasema.

"Nakuamini, Aayo."

"Fungua tu, mwanangu."

"Aayo, gari litaniacha!"

Nikambusu, nikakimbia. Akabaki amesimama getini na mikono yake ndani ya kitenge.

Turudi kaunta. Dada wa pale, kibao chake kimeandikwa Eva, akageuza kadi mara mbili.

"Dada, hii imeisha."

"Najua. Ina barua."

Nikakata uzi kwa meno, nikamkabidhi kwa maringo ya mtu aliyejipanga.

Eva akaitazama. Akanitazama. Akaitazama tena.

"Samahani, huyu Afisa Mtendaji wa Kijiji ni wa jimbo gani la Marekani?"

Nikainama kuangalia. Dah! Muhuri wa duara, wino wa zambarau, umekaa juu ya kichwa cha yule tai wa nembo yao. Pembeni sahihi, na namba ya simu kabisa.

Niliishiwa pozi.

"Ni wa... Karatu," nikasema.

"Na hapa chini ameandika kwa kalamu." Eva akasogeza karatasi kwenye mwanga. "'Nimeongeza siku 14. Zaidi ya hapo haiwezekani.' Sasa dada, juu wanasema miezi arobaini na nane, chini siku kumi na nne. Nifuate serikali ipi?"

Mzungu wa nyuma akashusha twiga wake chini. Alijua hapa tutakaa.

Nikaanza kujieleza, maneno yakagongana. Barua ya serikali ikichorwachorwa, nani atakuamini? Akilini nilimwona Nashipai Jumatatu, nywele timutimu, analia mlangoni mwa darasa.

Eva hakuwa mtu mbaya. Alichukua simu, akapiga ile namba, akaweka spika.

"Ofisi ya Mtendaji, tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina," Eva akajibu bila kufikiri, kisha akajirekebisha. "Napiga kutoka uwanja wa ndege. Nina barua ya Antonia hapa, ina muhuri wako."

Mtendaji Silvanus namfahamu tangu utoto, ni mtu wa maneno mengi. Safari hii yakatoka mawili tu.

"Kumbe hakubaki," akasema.

"Mzee, wewe ulisoma hii barua?"

"Nilisoma, dada. Kiingereza nakijua. Mama yake alikuja Jumanne asubuhi hata mlango sijafungua. Akasema serikali imemwongezea Antonia muda wa kukaa, ila wamesahau kugonga muhuri, ndiyo maana binti anaanza kufungasha. Aliomba miezi mitatu. Tukavutana weee, nikampa siku kumi na nne."

"Lakini hii ni barua ya Marekani!"

"Ndiyo. Sasa wewe ungeweza kumwambia yule mama kwamba serikali imekataa?"

Eva akauangalia tena ule muhuri, Mtendaji akaendelea.

"Mimi nilijua ataionyesha kwa mwanawe, waketi waongee yaishe. Mpeni ndege yake, ana mtoto mdogo. Hizo siku zilikuwa za huku kwetu."

Nililia pale pale kaunta. Yule Mzungu akanipa kitambaa bila kujua analiliwa nani.

Fungua tu, mwanangu. Alikuwa anasubiri nione kwamba nimeongezewa.

Eva akaondoka na barua kwa mkubwa wake. Dakika ishirini na tano, nilizihesabu. Aliporudi alikuwa anatabasamu: namba ya barua imeonekana kwenye mfumo, ni halali. "Ila huo muhuri, huko mbele utajieleza mwenyewe."

Na nilijieleza kweli. Ofisa wa uhamiaji kule, mbaba mnene asiye na haraka, aliweka kidole juu ya zambarau.

"Hii nini?"

"Muhuri wa kijijini kwetu. Mama yangu aliomba nibaki siku kumi na nne zaidi."

"Akapewa?"

"Ofisi ilimpa," nikasema. "Mimi ndiye sikumpa."

Akanitazama sana. Kisha akagonga pasipoti yangu, akasema wanachosema kila siku: "Karibu nyumbani."

Nikachukua bahasha yangu, nikapita.

Nikiwa nasubiri mizigo nikampigia Aayo.

"Umefika?"

"Nimefika. Aayo, kwa nini hukuniambia tu nibaki?"

"Ningekuambia, ungebaki?"

Nikaliacha sanduku langu lipite, lizunguke tena.

"Basi ndiyo maana nikaenda serikalini."

Jumatatu nilimsuka Nashipai, twende kilioni nne. Nikamsimulia yote. Akauliza, "Kwa nini bibi haombi na mimi niende?"

Ndugu zangu mlio mbali, funzo langu ni hili. Nilikimbizana na ruhusa za Marekani mpaka nikapata zote, na ruhusa ya mama ya kuondoka hata sikuiomba. Ninyi iombeni, tena mkiwa mmeketi, bila gari kupiga honi.

Desemba tunakwenda watatu, siku thelathini. Kasaine ameshaanza kuuliza kama Mtendaji anaweza kutuongezea.