Kikapu cha Ugali Mbele ya Mkimbiaji

Siku ile mezani tulikuwa watano: nyanya yetu Kerubo, ndugu yangu Ombati ambaye ndiye baba yako, dada yetu mdogo Nyaboke, mimi, na mgeni mmoja, kochi Odongo, mtu wa upande wa ziwa aliyefundisha wakimbiaji kwenye kambi ya Nyanchwa. Naikumbuka siku hiyo, mwanangu, kila nikikuona ukisukuma ugali pembeni kwa sababu ya mbio zako.

Unajua wazazi wetu walitutoka mapema. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule darasa la saba, nikachuma majani chai ya watu ili hawa wawili wale. Niliwakuza kwa ugali wa wimbi. Kwetu Magwagwa mtu akishiba nyama na mayai bila ugali, husema bado hajala.

Basi kabla ya siku hiyo kochi alikuwa amemwambia Ombati aache ugali, ndizi, mkate na chai ya sukari. Ale mayai, nyama, samaki, avokado na mboga, ili mwili ujifunze kuchoma mafuta katika mbio ndefu. Majuma ya mwanzo angelegea, avumilie. Ombati alinisimulia hayo macho yakimng'aa. Mimi nilisikia jambo moja tu: kuna mtu mwingine anayemlisha ndugu yangu. Kila aliposema "kochi amesema", nilihisi nimemeza kaa la moto. Mimi nilikuwa nimesema miaka mingapi?

Naye hakutaka kuniudhi. Siku za kazi alikula vya kochi kule kambini. Mwisho wa juma akirudi nyumbani alikula ugali wangu mpaka nitosheke mimi. Mshika mbili moja humponyoka. Mwili haukujua ufuate njia ipi, akawa anaachwa nyuma mlimani. Timu ya marathoni ilikuwa karibu kuchaguliwa, na kochi hakutaka kumwacha bila kujua kisa. Ndiyo maana alikuja kwetu.

Nilipika kuku na chinsaga, ile mboga yetu chungu. Kisha nikaleta ekee, kikapu chetu cha ugali, nikakiweka mbele ya Ombati, si katikati ya meza.

"Dada Moraa," kochi akaniuliza kwa upole, "nyumbani huwa anakula huu?"

"Na wewe, mtu wa ziwa asiyetaka ugali, ulikulia nchi gani?"

Nyaboke akadakia, "Labda samaki wa kwao huzaliwa na ugali tumboni!"

Kochi akacheka kuliko sisi. "Mimi naula, tena sana. Tazameni hili tumbo. Lakini mimi sikimbii." Kisha akamgeukia Ombati. "Chagua njia moja. Ukitaka ugali, tutapanga mazoezi yako na ugali. Ukitaka hii nyingine, ishike hata ukiwa kwa dada. Nusunusu itakukosesha timu."

Ombati hakumtazama kochi, alinitazama mimi. Mkono wake ukaenda polepole kwenye kikapu. Mwanangu, nilifurahi.

Hapo nyanya akakivuta kile kikapu akakiweka mbele yangu.

"Moraa, kula wewe."

"Nyanya, mimi nimesha..."

"Kula. Mwenye njaa hapa ni wewe. Kwani ulimlisha huyu kwa mkopo? Mtoto akiachishwa kunyonya, mama hamfuati kwa jirani kumziba mdomo."

Nikala mbele ya mgeni, machozi yakidondoka kwenye mboga. Ndipo Ombati akapata sauti: "Dada, nataka kujaribu ya kochi. Mwaka huu tu."

Niliitikia kwa kichwa. Mdomo ulikuwa umejaa.

Alichaguliwa kwenye timu, akaikimbia marathoni yake akaimaliza vizuri. Simu ya kwanza alimpigia kochi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Wivu uliniamka upya kana kwamba hakuna aliyenikemea. Miaka kadhaa baadaye, kwa hiari yake, alirudisha ugali kidogo kabla ya mbio, akaona unamfaa. Nilitaka kushangilia. Nikajizuia kwa shida.

Kwa hiyo, mwanangu, usile ili kumfurahisha anayepika, hata akiwa shangazi yako. Usimfiche kochi wako unachokula, wala usitufiche sisi. Jaribu, usikilize mwili, na useme wazi kwa heshima kabla sahani haijajazwa. Nawe ukija kulea, tenda wema uende zako. Wivu wa anayependa huvaa nguo za huruma, na mwenyewe huwa wa mwisho kuutambua.

Mungu aliyetutunza tukiwa yatima akutunze barabarani. Mlima ukupishe, pumzi isikuishie, na kila urudipo ukute mlango wazi.

Mimi bado nina deni. Kochi Odongo alizeeka akarudi kwao, na sijawahi kumwambia asante kwa kumpokea ndugu yangu pale nguvu zangu zilipoishia. Kila mwaka nasema nitakwenda. Mwaka huu pia nimesema.