Ndege Hukaguliwa kwa Mkono

Mume wangu ni fundi wa ndege na mimi ni rubani. Kwa miaka kadhaa tulifanya kazi kwenye kampuni moja ndogo iliyokuwa ikipeleka abiria mikoa ya kusini. Watu wakisikia hivyo huona raha: mume anatengeneza, mke anarusha. Hawajui ugomvi uliomo. Kabla ya kuruka lazima rubani aizunguke ndege, na mimi siizunguki kwa macho tu. Napapasa. Napitisha kiganja ubavuni, kwenye mbawa, kwenye kila kifuniko ambacho yeye amekifunga kwa mikono yake. Mume gani atafurahi? Hata nyumbani nikionja mchuzi aliopika, huniambia, "Haya, mkaguzi, karibu." Ulikuwa utani, lakini siku nyingine utani wenyewe ulichoma. Sikujali. Siku nitakayoacha kupapasa kwa sababu ya mapenzi, wanirudishe shule.

Tulikuwa tunakaa ghorofani Kariakoo, upande wa Msimbazi. Asubuhi ile ya masika mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na mawingu yalikaa chini kiasi kwamba maghorofa marefu ya jirani hayakuonekana juu. Kwenye duka la jumla chini yetu walikuwa wameshaanza kufunga mizigo ya mikoani. Ile sauti ya selotepu ikivutwa kwenye maboksi, kraaa, kraaa, ndiyo iliyokuwa ikituamsha kila siku. Nilikuwa nakunywa chai bila haraka. Ilikuwa niruke asubuhi, lakini jioni iliyotangulia rubani mwenzangu aliniomba tubadilishane, yeye aende mapema awahi harusi ya dada yake, mimi niende mchana. Mume wangu alikuwa ameshatoka kwenda zamu ya usiku. Sikuona haja ya kumpigia simu kwa jambo dogo kama hilo.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa ameloa chapachapa, viatu mkononi, mfuko wa kazi begani. Akanitazama.

"Hujaenda?"

"Tumebadilishana zamu. Kaenda mwenzangu. Pole na kazi."

Akaweka viatu chini, macho bado kwangu. Nimeishi na mtu huyu muda wa kutosha kuujua uso wake wa uchovu, wa njaa na wa hasira. Ule sikuwahi kuuona.

"Kuna nini?"

"Ile ndege yako ya asubuhi tuliiosha usiku," akasema. "Utepe mwekundu umeisha stoo tangu juzi. Nikatumia hii." Akatoa kwenye mfuko selotepu ya maboksi, ile isiyo na rangi, aliyoinunua duka la chini jioni alipokuwa anatoka kwenda kazini.

Ubavuni mwa ndege ile, kila upande, kuna vitundu vidogo vinavyopokea hewa ya nje. Kwa hewa hiyo vipimo hujua ndege iko juu kiasi gani na inakwenda kwa kasi gani. Wakati wa kuosha vitundu huzibwa ili maji yasiingie, na huzibwa kwa utepe mwekundu wenye mkia unaoning'inia, ili asiwepo wa kusema hakuuona. Selotepu isiyo na rangi juu ya bati jeupe lililolowa mvua haionekani. Labda uiguse.

"Umebandua?"

"Waliniita kwenye tairi la ndege nyingine."

"Nakuuliza, umebandua?"

"Sijabandua."

Mwenzangu ni rubani mzuri, ila hukagua ndege mikono ikiwa mfukoni. Nilimpigia, simu imezimwa. Nikampigia mtu wa zamu ofisini. "Imeshaondoka, dada, sasa hivi tu," akasema kwa uchangamfu. Nikatazama dirishani. Ndani ya mawingu kama yale rubani haoni kitu. Anachojua ni kile anachoambiwa na vipimo, na vipimo vyake vilikuwa vinamdanganya, abiria wamejaa nyuma yake.

"Nisikilize," nikamwambia yule wa zamu, simu bado sikioni. "Shika redio sasa hivi. Mwambie vitundu vya ubavuni vimezibwa, afungue hewa ya akiba, ile swichi ya chini ya dashibodi. Asiamini vipimo mpaka afungue. Haya, rudia."

Akarudia, sauti imeshabadilika. Nikamsikia akiita kwenye redio. Kimya. Akaita tena. Kimya. Chini selotepu ziliendelea kuvutwa, na nilitamani nifungue dirisha niwatukane watu wasio na kosa lolote. Mume wangu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, midomo ikicheza kwa dua. Mimi hata kuomba nilishindwa.

Kisha nikasikia sauti ya mwenzangu ikikwaruza kwenye redio. Kipimo cha mwinuko kilikuwa kimeganda kana kwamba bado yuko ardhini, cha mwendo kinashuka, na alikuwa ameshaanza kuinamisha pua ya ndege ili kuongeza kasi. Kimya kingine. Halafu: "Nimefungua. Mishale imeruka. Narudi."

Walipopiga kusema ametua salama, nililia kwa sauti. Nikamaliza kulia, hasira ikapanda.

"Unaenda kuwaeleza wewe mwenyewe," nikamwambia.

"Naenda."

"Watachukua leseni yako."

"Wachukue."

"Ila nieleze mimi kwanza. Umetoka kwenye tairi, umefungasha vitu vyako, umesafiri mpaka hapa. Njia nzima hukukumbuka?"

Akavuta viatu vyake karibu, akavivaa. "Nilikumbuka nikiwa getini, natoka uwanjani."

"Getini?"

"Mvua ilikuwa kubwa. Nikasema, si anakuja mke wangu. Atapita na mkono wake, ataibandua, akirudi atanisema mpaka nikome."

Nilikaa kwenye kiti. Nikawaza asubuhi zote nilizowahi kuizunguka ndege aliyoitengeneza yeye, na siku nilizokuwa na homa, na siku nilizochelewa nikapapasa harakaharaka huku abiria wanapanda.

"Ni mara ngapi umeniachia?" nikamuuliza.

Akainama kufunga kamba za viatu. Akazifunga, akazifungua, akazifunga tena.