Mstari wa Mferejini

Jumamosi nilikuwa sokoni Ruiru tukichagua diwani wa baraza la wilaya. Kura zetu mnazijua: kila mgombea anasimama mahali pake, anayemtaka anapanga mstari nyuma yake, karani anahesabu vichwa. Wagombea walikuwa wawili: mwenye duka aliwahi kivuli cha duka lake. Fundi wa baiskeli alichelewa, akabaki na nafasi ya kando ya mfereji wa maji, bomba la soko zima. Mimi, niseme ukweli, nilimfuata mwenye kivuli.

Karani alihesabu akigusa kila bega kwa kalamu, kisha akatangaza kwamba fundi ameshinda.

Mwenye duka akanyoosha kidole. "Bwana karani, wale akina mama wana madebe."

"Sheria haikatazi debe," karani akajibu, lakini akamwendea mama wa mbele. "Mama, unamtaka nani?"

"Mimi nataka maji," akasema mama, debe kichwani. "Mwambie huyu asonge kidogo."

Karani alilitazama daftari lake. "Nimeshaandika kwa wino," akasema, akalifunga.

Madiwani wote hujidai wanajua watu wanataka nini. Huyu wetu hataweza kusema hakuambiwa.